Nimejiundia hadubini ya planktoni hapa Tanga: yaliyonikuta, hesabu zake, na kopepodi mmoja aliyenidanganya (uzi mrefu)

Nanga_Mbovu (Tanga)

Wakuu, salaam.

Mwaka jana niliuliza humu kama kuna mtu amewahi kuunda hadubini ya planktoni kwa ramani huria, yaani michoro iliyoachwa wazi kwa yeyote. Nilipata majibu mawili. Mmoja alinitakia kila la heri, mwingine akaniambia nitafute mke kwanza. Mke bado, hadubini ipo.

Kwa anayepita tu: planktoni ni viumbe wa majini wanaokwenda wanakopelekwa na mkondo. Jina alilitoa Mjerumani Victor Hensen mwaka 1887, akilitoa kwenye Kigiriki, neno la mtu anayetangatanga. Wamo walio kama mimea (diatomu, dinoflajelati) na wamo wanyama (kopepodi, hao ni jamaa wadogo wa kamba, vifaranga vya kaa, mayai ya samaki). Karibu nusu ya usanisinuru wote wa dunia unafanywa na hawa wa kundi la kwanza, na hatuwaoni. Dagaa unayekula anaishi kwa hawa. Papa potwe wa Kilindoni, Mafia, na ukubwa wake wote ule, anakuja pale kufuata uduvi mwembamba unaopitisha mwanga.

Sasa, pwani yetu Tanzania ni zaidi ya kilomita 1,400, na watafiti wa bahari unaweza kuwapakia kwenye daladala chache. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Zanzibar tangu 1978 na imefanya mengi, lakini hawawezi kuwa Raskazone kila Jumamosi. Mimi naweza. Ninakaa hapa.

Ramani niliyofuata ni ya PlanktoScope. Ilianzia kwenye maabara ya Manu Prakash, Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani (ndiyo maabara iliyotoa Foldscope, ile hadubini ya karatasi ya kukunja), wakishirikiana na mradi wa Plankton Planet wenye watu wake Roscoff, Ufaransa. Makala yao ilitoka 2022 na kila kitu kiko wazi: michoro, orodha ya vifaa, programu. Mimi sikuifuata neno kwa neno, maana vifaa vingine kuviagiza ni mtihani. Kwa hiyo nikisema "yangu", ujue ni mtoto wa nje wa PlanktoScope.

Wazo lake ni tofauti na hadubini ya shuleni. Hudondoshi tone kwenye slaidi ukachungulia kwa jicho. Maji yanavutwa na pampu ndogo, yanapita kwenye kichumba chembamba cha kioo, yanasimama, kamera inapiga, pampu inavuta tena. Mara mia nne. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi ndiyo msimamizi, na wewe unaitazama kwa simu yako kupitia Wi-Fi yake yenyewe, hata katikati ya bahari pasipo mtandao.

Lenzi ndizo zilizonishangaza kwa urahisi. Ni zile ndogo zenye nyuzi za skrubu za M12, za kamera za ulinzi. Unaziweka mbili zikitazamana, moja yenye fokasi ya milimita 16 upande wa maji na moja ya milimita 25 upande wa kamera. Gawanya 25 kwa 16, unapata ukuzaji wa 1.56. Najua utasema huo ni ukuzaji gani wa kitoto. Lakini pikseli za kamera ya Pi toleo la pili zina upana wa maikroni 1.12 tu (maikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita), hivyo pikseli moja kwenye picha ni kama maikroni 0.7 ya kitu halisi. Kopepodi unamhesabu mpaka nywele za mkia. Watu wanahangaika na "mara elfu moja" iliyoandikwa kwenye boksi, kumbe swali ni pikseli moja inabeba nini.

Kichumba nilikitengeneza mwenyewe mara sita. Vioo viwili vya slaidi, katikati unabandika vipande vya vile vioo vyembamba vya kufunikia, viwili viwili, kimoja juu ya kingine, nafasi inakuwa kama milimita 0.3. Pembeni unaziba kwa silikoni ya kuundia matangi ya samaki wa mapambo. Vile vitano vya kwanza vilivuja au nilivipasua. Cha sita kiko hai.

Wavu: msinunue chandarua, tundu zake zinapitisha karibu kila kitu tunachokitafuta. Nendeni kwa wanaochapa tisheti. Kitambaa chao cha skrini kimesukwa kwa vipimo vya uhakika. Kile cha 43 (nyuzi 43 kwa sentimita) kina tundu za karibu maikroni 150, cha 77 karibu 70. Mimi natumia cha 77 kwa wavu, na cha 43 kuchujia maji kabla hayajaingia kwenye kichumba ili mnyama mkubwa asije akakwama mlangoni. Ringi ya wavu ni ya nondo nyembamba, kipenyo sentimita 20. Mkiani chupa ya maji ya kunywa.

Sasa mnisikilize hapa, maana ndiyo sababu ya uzi huu.

Mwezi wa kwanza nilikuwa mtu wa picha. Diatomu kama mkufu, dinoflajelati wenye pembe tatu, kila siku natuma kwenye makundi ya WhatsApp, watu wanasema mashaallah. Halafu rafiki yangu aliyesoma mambo haya akaniuliza swali moja tu: wako wangapi kwa lita? Nikabaki namtazama.

Hesabu yenyewe si ngumu. Picha moja inaona eneo la milimita 2.35 kwa 1.77. Zidisha kwa kina cha 0.3, unapata kama maikrolita 1.25. Picha 400 ni nusu mililita. Chupa yangu ya mkiani ina mililita 250, kwa hiyo nimetazama sehemu moja kati ya 500. Upande wa wavu: mdomo wa sentimita 20 una eneo la mita mraba 0.0314, nikiuvuta mita 50 umepitisha lita 1,570. Gawanya kwa 500. Picha zangu mia nne zote ni sawa na lita tatu na kidogo za bahari. Nikiona minyororo 63 ya diatomu, ni kama 20 kwa lita. Hapo ndipo mtu wa Pemba au wa Lamu anaweza kulinganisha na ya kwake.

Nikaanza kuandika daftari. Tarehe, saa, maji yanajaa au yanakupwa, bamvua au maji mafu, upepo, rangi ya maji, mita za kamba. Wiki ya nne kopepodi wakapanda. Ya tano wakapanda zaidi. Ya sita walikuwa karibu mara tatu! Kusi lilikuwa limeanza kutulia, nikajenga nadharia nzima ya upepo na chakula, nikaiandika kurasa mbili. Nilikaribia kupiga simu Zanzibar.

Usiku mmoja nazipitia picha moja moja nikamwona kopepodi aliyekatika antena ya kushoto. Picha ya 112. Picha ya 113, yuko tena, amesogea kidogo. Ya 114, yuleyule bwana.

Pampu hii inafanya kazi kwa kukamua mrija laini kwa vigurudumu, kama mtu anavyokamua ng'ombe. Mrija ukichoka, unabaki bapa, na kila mkamuo unasukuma maji kidogo kuliko jana. Mota inazunguka vilevile, kompyuta inaamini maji yamebadilika, kumbe maji yamejivuta milimita moja. Na mimi kwa ubahili nilikuwa nimeipangia isogeze kidogo sana kila picha ili chupa ndogo itoe picha nyingi. Nilikuwa nawahesabu walewale mara mbili, mara tatu.

Nimechana kurasa zile mbili. Siku hizi kila Jumamosi kabla ya kazi napima pampu: mizunguko 50, maji yanaingia kwenye bomba la sindano, nasoma mililita, naandika. Ikipungua, mrija mpya.

Maswali karibuni.

Chepe_la_Zege (Dar)

Mkuu hongera lakini hela yote hiyo si ungenunua darubini nzima pale Kariakoo ukapumzika?

Nanga_Mbovu

Darubini ni ya kutazamia meli, kaka. Hii ni hadubini.

Na ya dukani ninayo, ya kuazima. Inaona vizuri kuliko hii yangu, sikatai. Lakini kuhesabu nusu mililita kwa jicho, tone kwa tone, niliwahi kujaribu nikaishia kuumwa shingo. Halafu ile ikiharibika ndani hakuna wa kuifungua. Hii ikivunjika kipande, nampelekea kijana mwenye printa ya 3D faili, jioni nachukua.

Fundi_Saketi (Morogoro)

Uzi safi. Niongezee ya upande wangu kwa wanaotaka kujaribu.

Moja, PLA, plastiki ya kawaida ya printa ya 3D, inaanza kulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi. Gari lililofungwa vioo juani Dar linakaribia huko. Mimi kitu changu (si hadubini, ni kishikio cha sensa) kilijikunja kwenye dashibodi nikadhani mtu amekikalia. Chapisha kwa PETG, plastiki inayostahimili joto zaidi, kama unaipata.

Mbili, umeme. Raspberry Pi haitaki chaja ya simu ya elfu tano. Mota zikiwaka volti zinashuka, inajizima katikati ya picha na kadi ya kumbukumbu inaweza kufa kabisa. Mkuu unatumia nini kwenye ngalawa?

Nanga_Mbovu

Betri ya pikipiki ya volti 12 na kishusha volti cha amp 5. Lakini nakiri, siku hizi sipandi nayo ngalawani. Nachota maji, narudi, naipima kivulini barazani ndani ya saa mbili tatu wakiwa hai. Chumvi ilishaanza kula pini za ubao wa mota. Ngalawa inabeba wavu, kamba na ndoo tu.

Na la PLA limenikuta! Mkono unaoshika lenzi ulipinda kidogo, picha zikawa zinafokasi upande mmoja tu. Nililaumu lenzi wiki nzima.

mama_omena (Kisumu)

Habari zenu watu wa bahari. Mimi niko upande wa ziwa. Huku kwetu kwa ghuba maji hugeuka kijani kabisa, kama rangi imemwagwa, na ng'ombe wakinywa tunaogopa. Hiyo mashine yako inaweza kuniambia kama maji ni mabaya? Na maji matamu itakubali?

Nanga_Mbovu

Karibu sana mama. Maji matamu inakubali bila shida, na chumvi haitakuharibia vifaa kama mimi.

Kijani hicho cha Ziwa Victoria mara nyingi ni sianobakteria, yaani bakteria wanaofanya usanisinuru, na Microcystis ni mmoja wao. Seli yake moja ni ya maikroni chache tu, kwa hadubini hii utaona nukta. Lakini wanaishi kwa makundi, kama wingu lenye vidoti, na hayo makundi utayaona vizuri sana. Utaweza kusema wiki hii ni mengi kuliko wiki jana. Kuhusu sumu, picha haisemi. Makundi mawili yanayofanana, moja linaweza kuwa na sumu na jingine lisiwe nayo. Hiyo ni kazi ya maabara yenye vipimo vya kemikali, kwa hiyo ng'ombe waendelee kuzuiwa tu.

Wavu kwa maji ya namna hiyo hauhitajiki hata kidogo. Chota kwa jagi, utawakuta tele.

KamusiYaPwani (Unguja)

Shekhe, nimesoma mahesabu yako mara mbili. Mazuri, ila pana tundu. Unasema mdomo wa wavu mara mita za kamba ni lita 1,570. Hizo ni lita ambazo wavu ungepitisha kama ungekuwa hewa. Kitambaa cha 77 kikishika ute na matope, maji hayapiti, yanarudi yanamwagikia pembeni mwa mdomo, na wewe unaendelea kuhesabu. Siku maji yana planktoni wengi ndiyo siku wavu unaziba haraka, kwa hiyo siku ya neema ndiyo utakayoipunja. Wenzetu huweka kipima mkondo mdomoni, kijipanga kinachozunguka.

Halafu mita 50 umezipimaje wakati mkondo nao unakwenda?

Nanga_Mbovu

Umenipata.

Mita 50 nilipima kwa maboya mawili, na hapo hapo mkondo ukanifanyia ulivyotaka. Nikivuta kuukabili, wavu unakula maji zaidi ya mita zangu, nikienda nao unakula pungufu. Nimejaribu kuvuta kwenda na kurudi nichukue wastani. Kipima mkondo cha dukani kwangu bado ni ndoto. Nafikiria kuchapisha panga na sumaku yenye sensa ya kuhesabu mizunguko.

Kuziba: natazama kama maji yanafurika mdomoni, yakianza natoa. Wavu mrefu pia unasaidia, wangu nimeshaurefusha ukawa zaidi ya mara nne ya mdomo wake. Kwa siku chafu naacha wavu kabisa, nachota ndoo kumi za lita kumi na kuzimimina juu ya wavu. Lita 100 zile nina uhakika nazo.

KamusiYaPwani

Ndoo kumi ni sayansi nzuri kuliko unavyodhani. Zishike hizo. Ukiingia kaskazi, utaona maji yenye vumbi la mbao linaloelea, rangi ya majani makavu. Wengi hudhani ni uchafu wa meli. Ni Trichodesmium, naye ni sianobakteria, nyuzi zake zimefungana kama mafungu ya majani. Hunasa naitrojeni na kuifanya chakula kwenye maji yasiyo na rutuba. Ule unapasuka upesi ukisukwasukwa, basi usiupitishe kwenye pampu mara mbili.

BintiWaMatrah (Maskati)

Assalaam aleikum. Mie niko Oman, bibi yangu wa Unguja. Huku kwetu wakati wa baridi bahari hugeuka kijani, usiku ukirusha jiwe maji yanawaka buluu. Nikaambiwa ni Noctiluca. Na wazee wanakumbuka wimbi jekundu la 2008 na 2009, samaki wakafa, na mitambo ya kusafishia maji ya bahari ikabidi izimwe. Nikikuundia moja ya hii, huyo Noctiluca atapita kwenye kichumba chako?

Nanga_Mbovu

Waaleikum salaam dada. Hapiti. Noctiluca ni mkubwa, kuanzia kama milimita 0.2 mpaka 2, mviringo kama kijipira. Kichumba changu ni 0.3, na chujio langu la 43 lingemzuia mlangoni kabla hajafika. Tengeneza cha pili chenye kina cha milimita 2 au zaidi kidogo, mrija mnene zaidi, na chujio la tundu pana. Utapoteza fokasi kwa wanaoelea mbali na kioo, lakini kiumbe wa ukubwa huo utamtambua hata akiwa na ukungu.

Yule wa 2008 alikuwa jamii nyingine, Cochlodinium, mdogo zaidi na hujipanga mnyororo. Huyo kichumba chembamba kinamfaa, ila wavu wa 77 unaweza kumpoteza. Mchote kwa ndoo.

Mwl_Bagamoyo

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Hapa kwetu Bagamoyo watu wa Taasisi ya Afya Ifakara walishafanya kazi ya malaria na OpenFlexure, ile hadubini nyingine huria iliyochapishwa, na Dar es Salaam kuna mafundi waliokuwa wakiiunda. Jukwaa lake limechapwa kipande kimoja kinachojipinda chenyewe badala ya kuteleza, mota zake ni zile ndogo za 28BYJ-48. Nina wanafunzi 60 na bajeti ya chaki. Nianze na ipi?

Nanga_Mbovu

Mwalimu, OpenFlexure kama unataka waone bakteria au damu au wachore diatomu mmoja kwa makini. Lenzi yake ni ya hadubini halisi, inasogea kwa hatua chini ya maikroni moja. Hii ya kwangu kama unataka wahesabu bahari. Kwa wanafunzi 60, kusema kweli, ningeanza na wavu wa tisheti, Foldscope chache na daftari. Pampu ije mwaka wa pili.

Picha mnaweza kuzipandisha kwenye tovuti ya EcoTaxa, iko chini ya watu wa Villefranche, Ufaransa. Mashine inapendekeza jina la kiumbe, binadamu anathibitisha. Ila isiwe mashine pekee. Mapovu ya hewa iliyaita mayai ya samaki, yangu yote.

Chepe_la_Zege

Kwa hiyo kipimo cha maikroni 0.7 kwa pikseli mlikijuaje kama ni kweli? Isije ikawa na yenyewe ni kopepodi wa antena moja.

Nanga_Mbovu

Swali la maana, nakurudishia heshima yako.

Slaidi yenye mistari ya kupimia sikuwa nayo mwanzoni. Nilitumia kioo cha simu ya zamani, ile ya LCD. Ukijua ina pikseli 400 kwa inchi, basi kutoka pikseli moja hadi nyingine ni maikroni 63.5. Unaipiga picha, unahesabu pikseli zako ngapi zinaingia humo. Mimi nilipata 87, yaani 0.73 kwa moja. Nilipoazima slaidi halisi ikasema 0.72.

Mwl_Bagamoyo

Nimeshapata kitambaa cha 77 kwa jamaa wa tisheti, amenipa vipande vya pembeni bure. Naweza kuja na wanafunzi wanne Tanga mwezi ujao?

Nanga_Mbovu

Karibuni sana. Njooni Jumamosi ya bamvua, tutoke maji yakianza kujaa, mjomba ana ngalawa. Mlete ndoo za lita kumi zenye mstari wa kipimo, zangu mbili zimepasuka. Na mtu mmoja awe na mwandiko unaosomeka.

Picha za vipande na faili za kichumba napandisha kesho, leo umeme hauna msimamo.